Siku Niliposema "Maini" kwenye Ndoa ya Furaha

Mwanangu, siku dada yangu Furaha alipoolewa siisahau, kwa sababu ni mimi niliyewatoa wageni wote mbio hadi barabarani.

Vita vilikuwa vimetulia tu, havijaisha. Tulikuwa tumerudi kwenye parseli yetu, kiwanja chetu cha nyumba hapa mtaa wa Lumumba, na kila mtu aliogopa kunyang'anywa tena. Mimi nilikuwa nimeokota Kiingereza cha sokoni kwa wafanyabiashara wa Uganda, maneno kama ishirini hivi, nikajiona msomi.

Asubuhi ile, majirani wakipanga viti, gari la askari wa kigeni waliokuja kulinda amani likasimama kwenye ua wetu. Wakashuka wawili, wakatazama kiwanja. Nikafikiri wanataka kupiga mahema yao pale. Nikawakimbilia, nikaonyesha ardhi kwa mikono miwili, nikapaza sauti: "Maini! Maini!" Nilitaka kusema kwa Kiingereza kwamba ni yangu.

Askari wakaganda. Kisha mmoja akapuliza filimbi, wakatutoa sote nje, wakafunga njia kwa kamba. Shangazi yangu alikuwa amefura kwa hasira. "Maini iko mu sufuria, itaungua! Banaogopa maini?"

Tulisimama juani masaa mawili, Furaha na gauni lake jeupe akinitazama kwa jicho baya, mpaka mkalimani wao akafika. Alikuwa Muzee Anselme, mwalimu wa zamani.

"Weye ulisema nini, mutoto?"

"Nilisema parseli iko yangu."

Akacheka hadi akashika magoti. "Ile neno iko 'yangu', ndiyo. Iko tena machimbo ya dhahabu. Na iko bomu ya kufukia mu udongo! Na weye ulionyesha chini!" Halafu akaacha kucheka. "Hawa balisimama kuuliza njia ya kwenda Bule. Uliwaacha waseme?"

Akawageukia askari, akawaeleza.

Kamba ikafunguliwa. Askari wale wakaombwa kukaa, wakala nasi maini yaliyoungua, wakacheza ngoma na buti zao nzito, na Furaha akacheka kuliko sote.

Basi, mwanangu, neno ulilolisikia juzi usilitumie kama silaha. Uliza kwanza lina maana ngapi. Na mtu akisimama mlangoni kwako, hata kama moyo unadunda kwa hofu, mwache aseme alichokuja nacho. Siye tuliokimbia sana tunawahi kuona mwizi.

Mungu akulainishie ulimi, akupe masikio yasiyo na haraka, na wanaopita kwako waondoke wameshiba.