Nilijua Kizungu cha Kuwahi, Nikachelewa

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki, nikaacha shule darasa la nne. Wenzangu wa Kariakoo ya wakati ule mnajua: hakuna kukaa barazani, utafute kazi.

Nilichotoka nacho shuleni ni maneno ya Kizungu ya kusema jambo limetangulia. Mwalimu alituimbisha huku akigonga meza kwa fimbo: before, ago, already, earlier! Niliyaimba mpaka kwenye foleni ya bomba, mama akasema, "Wimbo haujazi ndoo." Mimi nikajiona msomi.

Mtaani kwetu Mhindi mmoja muuza vitambaa alitaka kijana wa kukunja majora. Kazi ya kivulini, mikono mikavu! Tukaenda wawili, mimi na Salumu, mtoto wa mama muuza mihogo, asiyejua hata "yes". Kimbelembele changu nikamwambia yule mzee, "Sema Kizungu tu, naelewa." Akacheka, akasema: tomorrow, before seven, atakayetangulia ndiye.

"Kasemaje?" Salumu akauliza.

"Kesho, kabla ya saa saba," nikatafsiri kwa madaha.

Kesho yake nikaoga, nikajipaka mafuta ya nazi, nikapiga shati pasi ya mkaa. Saa sita mchana nikatokea, kifua mbele, nimewahi saa nzima! Namkuta mzee anafunga milango akale. Kumbe "seven" yao ni saa yetu moja asubuhi. Salumu mama yake alimtoa alfajiri: "Kazi ya watu haingojewi jua likolee." Nikamkuta amekalia jora, anatafuna chapati ya bosi.

"Karibu, msomi," akasema. "Umewahi kweli, ila ya kesho."

Nikaishia kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, kuosha nati kwa mafuta ya taa.

Siku hizi wajukuu wangu wanaongea Kizungu mpaka usingizini. Ukiwapigia simu: "Already, babu, niko njiani!" Nyuma nasikia kitanda kinalia. Ningewasema, lakini kwa mdomo upi? Sisi adhana na harufu ya mihogo ya kukaanga vilituamsha mtaa mzima. Wao wana kengele tano kwenye simu, na bado.

Lile duka la vitambaa sasa ni ghorofa. Nikipita pale, mzee mzima, bado naionea wivu ile kazi ya Salumu.

Leo nina duka la spea Gerezani, nyumba ya vyumba vinne Mbagala, pikapu moja, mashine mbili za kuchomelea na mke mmoja. Cheti cha shule sina.