Bei ya Siku Moja na Mbwa Wawili

Kazi ya kutunza wanyama wa watu sikuitafuta. Nilikuwa muuzaji katika duka la dawa za mifugo hapa Naro Moru kwa miaka tisa, na mwenye duka alipochoka akalifunga, wateja hawakuacha kunipigia simu. Waliniuliza habari za minyoo, za kupe, za ng'ombe aliyekataa kula. Siku moja mwalimu mstaafu aliyekuwa anaenda Mombasa kumwona binti yake aliyejifungua akaniuliza kama ningeweza kumwangalilia mbwa wake kwa wiki mbili. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alipouliza bei, nikajibu kwa aibu, "Utanipatia tu kile utaona, mwalimu."

Aliona leso mbili, nazi tatu na shilingi elfu moja. Boda boda ya kunipeleka kwake asubuhi na jioni ilikuwa imekula zaidi ya mara mbili ya hizo. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Ukimwachia mtu mwingine kazi ya kupima siku zako, usimgombeze kwa sababu ya kibaba alichotumia.

Nilipomsimulia mama yangu kule Othaya, alicheka mpaka akatua kikapu cha majani chai. Kwake mbwa hupewa mabaki na kufungwa karibu na zizi. "Mbwa ndiye hulinda watu," alisema. "Kama kuna wa kulipwa, ni yeye."

Aliyenisaidia ni kaka yangu, ambaye huwabebea wageni mizigo mlimani. Wapagazi wana bei yao ya siku waliyokubaliana, na wana uzito ambao mtu hauzidishi. Nilimuuliza bei hiyo waliipata wapi.

"Tulianza na kile tunaacha nyumbani," akaniambia. "Nikienda juu siku tano, hizo siku tano sipalilii viazi. Lazima kuna mtu nimelipa apalilie. Hiyo ndiyo ya kwanza. Halafu viatu. Halafu baridi. Mgeni huwa hajui baridi yangu ni ngapi, lazima nimwambie."

Basi nikaketi na kalamu nikaandika nyuma ya kalenda: nauli, saa za kwenda na kurudi, kazi za nyumbani nilizoziacha, na yale niliyojifunza dukani kwa miaka tisa, ambayo mwanzoni niliyasahau kabisa kuyahesabu. Nikafika mia nane kwa siku kwa mbwa mmoja au wawili, na elfu moja mia mbili kama ningelala huko huko. Mara ya kwanza kuitaja bei hiyo kwenye simu, sauti yangu ilishuka kama ya mtu anayeungama. Mteja akasema sawa. Wa pili akasema sawa. Wa tatu akasema ni ghali, akatafuta mwingine, na nikagundua kwamba jambo hilo haliui mtu.

Mwaka wa pili nikapigiwa simu na mama mmoja mwenye nyumba kubwa kwenye barabara ya kwenda mlimani. Alifanya kazi Nairobi na kuja huku mwisho wa wiki. Safari hii alikuwa anaenda nje kwa siku kumi, na mmoja wa mbwa wake wawili, yule mzee, alikuwa ameanza kuugua kifafa. "Nataka mtu anayejua wanyama," alisema. Nikamtajia bei ya kulala. Akakubali, akanionyesha vidonge, mablanketi na chumba changu, akaondoka.

Pale nilimkuta mzee kutoka upande wa Timau aliyetunza bustani ya nyumba ile kwa miaka kumi na moja. Aliishi kwenye chumba cha mawe nyuma ya tangi la maji. Asubuhi ya kwanza nilitoka na vyombo vya chakula nikawakuta mbwa wote wawili wamekaa mlangoni kwake, wakimngoja. Aliniangalia, akaangalia vyombo, akarudi ndani. Nilifikiri ni mtu mkali.

Siku ya tatu tulianza kunywa chai pamoja saa nne, kwenye jua. Ndipo akaniuliza, bila kuzunguka.

"Mama, kwa hii kazi unalipwa ngapi kwa siku?"

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda niliona vile mikono yake ilivyopasuka. Nikasema, "Mia sita, mzee."

Akahesabu kwa vidole. "Siku kumi ni elfu sita. Hiyo ni nusu ya mwezi yangu."

Mimi pia nikahesabu, lakini kimoyomoyo. Elfu moja mia mbili mara kumi. Ningeondoka pale na mshahara wake wote wa mwezi, wakati yeye alikuwa amekata ua, amechanja kuni, amefungua na kufunga lango.

"Na kabla nije," nikauliza, "nani alikuwa anabaki na hawa mbwa madam akisafiri?"

"Ni nani mwingine?" akasema, akamwaga machicha ya chai kwenye nyasi.

Siku ya sita, kama saa nane mchana, nilikuwa namchana mbwa mzee kwenye baraza alipokakamaa ghafla. Akaanguka upande, miguu ikapiga sakafu, povu likamtoka mdomoni. Nilikuwa nimeuza dawa ya kifafa cha mbwa, nimesoma karatasi zake, nimewaeleza watu. Kukiona kwa macho ni jambo lingine. Nilipiga magoti na kunyoosha mkono kumshika kichwa, nikasikia sauti nyuma yangu, "Usimguse mdomo! Atakuuma na si kupenda kwake."

Mzee alikuwa amekuja mbio na gunia. Alilikunja akalisukuma chini ya kichwa cha mbwa, akavuta kiti mbali, akamfungia yule mbwa mwingine jikoni. Kisha akakaa chini akaanza kumwongelesha mbwa kwa Kimeru, polepole, kama mtu anayempigia hadithi mgonjwa. Ilipita dakika moja, labda mbili. Mbwa alipotulia, alijaribu kusimama, akashindwa, akakiweka kichwa chake kwenye paja la mzee.

"Hii ni ya saba tangu mvua ianze," aliniambia. "Saa hii atakuwa haoni vizuri. Mwachie maji karibu. Chakula ni baadaye."

"Madam anajua ni mara saba?"

"Huwa ananiuliza, 'Mbwa wako sawa?' Namwambia wako sawa. Si wanakuwa sawa?"

Sikuweza kunyamaza tena. Nikamwambia, "Mzee, sikukuambia ukweli juzi. Nalipwa elfu moja mia mbili."

Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Aliendelea kumpapasa mbwa masikio. Nikamwambia tutagawana nusu kwa nusu, kwa sababu kazi yenyewe alikuwa anaifanya yeye.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yako unanipatia. Mimi sitaki yako. Nataka yangu."

"Kwa nini basi hujawahi kuiitisha?"

"Wewe ulikuja na bei, mama. Mtu akikuja na bei, anaulizwa ni ngapi. Mimi nilikuja nikiomba kazi. Nikianza sasa kusema ati nilipwe ya mbwa, nitaonekana nimekuwa mbaya."

Nilimuuliza kama angependa nimsemee. Alifikiri mpaka mbwa akasimama na kuyumba kwenda kwenye maji. "Sema," akaniambia. "Lakini usiseme nimelia."

Mwenye nyumba alirudi siku ya kumi, amechoka, amefurahi kuwaona mbwa wake. Nilimweleza kuhusu kifafa na jinsi mzee alivyokishughulikia. Kisha nikamwambia kwamba mtu anayejua wanyama alikuwa naye miaka yote, na hamlipi kwa kazi hiyo.

Uso wake ulibadilika. "Amekutuma?"

"Nilimuuliza kama niseme, akakubali. Yeye hajalalamika."

"Miaka kumi na moja hajawahi kuniambia neno. Mimi nilidhani anawapenda tu."

"Anawapenda, madam. Hata mimi nawapenda. Na bado unanilipa."

Alinitumia pesa yangu kwa simu pale pale, yote, akanishukuru kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Njiani nilijiambia nimefanya jambo jema. Nilipofika nyumbani nikajiambia mimi ni mjinga.

Disemba hakunipigia, na nilikuwa nimeitegemea Disemba ile kwa karo ya binti yangu. Niliuza kondoo wawili. Nakumbuka nikimkasirikia mzee, mtu ambaye hakunikosea lolote, kwa sababu tu ni vigumu kujikasirikia mwenyewe kwa jambo unaloamini lilikuwa sawa.

Januari mzee ndiye aliyenipigia. "Mama, amenipatia. Mia nane kila siku akiwa hayuko, juu ya mshahara. Na ameniandikia simu ya daktari wa mbwa."

Nilifurahi kama mtu anayetabasamu huku kiatu kinambana. Nikamuuliza kwa nini hakuitisha elfu moja mia mbili kama yangu.

"Mimi nalala hapo hapo," akasema. "Sipandi boda. Hiyo ingine ilikuwa ya wewe kutoka kwako."

Hakuna mtu aliyewahi kunielezea bei yangu vizuri namna hiyo.

Karibu na Pasaka alikuja kwangu amevaa koti la kanisani. Jirani wa nyumba kubwa alikuwa amesikia habari zake, akamwomba amwangalilie mbwa watatu na bata bukini kwa siku nne. Alitaka tuweke bei pamoja. Tulikaa nje na chai, nikachukua kalamu.

"Nilikuwa nafikiria mia tatu," akasema.

"Kwa kila mbwa?"

"Kwa wote."

"Mzee! Na bustani ya watu unaiacha na nani?"

"Madam amesema naweza kwenda asubuhi na jioni."

Tulianza na kile anachoacha. Tukaongeza kutembea, mara nne kwa siku, kwenye kilima cha kwenda kwa jirani, kinachomsumbua magoti. Tukaongeza miaka kumi na moja. Alipinga kila kitu nilichoandika, lakini hakunizuia kuandika. Tulipofika elfu moja kwa siku alivua kofia akajikuna kichwa.

"Nani atalipa hiyo?"

"Mpigie tumsikie."

Akapiga, simu ameishika mbele yake kama kioo. Alitaja bei kwa sauti kubwa, moja kwa moja, bila kuomba radhi. Sikuwa nimeweza hivyo hata mwaka wangu wa pili. Upande wa pili mtu akasema, "Sawa, mzee. Nikutumie nusu leo?"

Simu ilipokatika tulitazamana.

"Amekubali haraka," akasema.

"Haraka sana."

Akamalizia chai yake akifikiria. "Mbwa ni sawa," akasema hatimaye. "Lakini yule bata bukini huuma watu. Huyo tungemhesabu peke yake."