Siku Tuliyokwenda Kuchagua Spika ya Kambini

Watu wa kinuni humwita mume wangu Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Zamani alikuwa anasimama getini, mashine zote za kusaga zinanguruma, naye anasema ile ya pembeni beringi yake inakwisha. Wakiifungua, kweli. Kwa hiyo spika yetu ya kambini ilipoharibika (wifi yangu aliiacha kando ya jiko la mkaa ikayeyuka, akili zake anazijua mwenyewe) hakuna aliyejiuliza nani aende kununua nyingine. "Aende Sikio," wakasema. Mimi nikaambiwa nimsindikize, asije akarudi na kitu kizito kama kabati.

Kila mwaka kinu kikifungwa kwa matengenezo, wafanyakazi na familia zao tunapakia mahema kwenye lori la unga, tunakwenda kupiga kambi kando ya ziwa. Tunapika, tunaogelea, tunacheza muziki hadi miguu inaomba radhi. Mwaka huu nilikuwa na mpango wangu. Kambi ikivunjwa, lori lingenishusha kwa dada yangu mimi na sanduku langu, na kinuni nisirudi tena.

Nilishamwambia. Nilikuwa jikoni nasugua sufuria, yeye ameketi nyuma yangu anavua viatu. Nikasema, "Baba Pacha, kambi ikiisha naenda kwa dada. Nimechoka." Akasema, "Sawa." Basi, nikaendelea kusugua sufuria.

Hilo "sawa" nilikuwa nalo miaka mitatu. Paa linavuja: sawa. Mama yako amepiga simu: sawa. Pacha mmoja amefeli hesabu, mwingine kapigana: sawa, sawa. Mwanzoni niligomba, maana mimi si mtu wa kumeza maneno. Nikanuna. Nikalia. Wapi! Ni kumpigia mbuzi gitaa. Wifi akaniambia kimya kingi kina mshindo mkubwa, nikamjibu mshindo wenyewe nimeungoja mpaka nimezeeka. Mwishowe moyo ulikufa ganzi. Watu hudhani mwanamke anayeondoka anaondoka na hasira. Mimi sikuwa nayo hata ya kukopa. Nilikula bila kujua nimekula nini, nikalala, nikaamka, nikafua.

Ndivyo nilivyoingia dukani siku ile, ganzi tupu. Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya fundi saa na kinyozi, rafu zimejaa spika hadi darini. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani na mdomo usiojua kupumzika.

"Karibuni, wapenzi. Mnataka ya sebuleni au ya kutembea nayo?" aliuliza huku ameinama anatafuta kitambaa.

"Sawa," mume wangu akasema.

Nikajibu mimi. "Ya kambini. Isiogope maji, chaji ikae usiku kucha, na iwe na mkanda wa kubebea."

Alitupangia tatu kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa na magurudumu. Nikamwambia mama tunakwenda kambini, hatuhami. Ya pili ilikuwa kaduara kadogo, sauti yake kama nzi ndani ya kopo. Ya tatu ilikuwa na urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko, imevikwa mpira mweusi, na taa za rangi zimeizunguka. Alipoiwashia muziki kutoka kwenye simu yake, hata mimi besi iligonga tumboni. Taa zikawa zinaruka.

Mara mteja mwingine akaita kutoka mlangoni, anauliza bei ya waya. Mama akashusha sauti kwenye simu yake mpaka mwisho, akamfuata mlangoni ili wasikizane. Duka likawa kimya. Taa tu zikaendelea kurukaruka.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya spika ile, mikono mgongoni, macho kwenye taa, kichwa kinakwenda nazo.

"Hii ndiyo," akasema kwa nguvu. "Sikilizeni besi hiyo! Safi!"

Mama akacheka akiwa nyuma yake. "Shemeji, una utani wewe! Si nimezima sauti?"

Hakugeuka. Aliendelea kutikisa kichwa.

Nikamtazama kisogo. Nikakumbuka kinuni watu hawaongei, wanapigiana ishara na kusomana midomo, maana mashine hazimpi mtu nafasi. Mtu anaweza kuwa kiziwi pale miaka nenda miaka rudi, na mtu asijue. Nikamwita taratibu, "Baba Pacha." Nikamwita kwa nguvu. Nikamtukana tusi moja ambalo hata mama wa duka lilimtoa macho. Kimya. Nilipomgusa bega ndipo akageuka, tabasamu tayari usoni.

"Sawa?" akasema.

"Husikii," nikamwambia.

Alisoma midomo yangu. Tabasamu likamtoka. "Usinitangaze, mke wangu. Wakijua, kinuni nitabaki kufanya nini?"

"Tangu lini?"

"La kushoto zamani. La kulia likafuata, kidogo kidogo."

"Na hizo sawa zako zote?"

"Nikiona umenipa mgongo na kichwa chako kinatikisika, najua unasema. Nikijibu sawa, unanyamaza. Nikadhani tunaelewana."

Labda mtu mwingine angemhurumia pale pale, au angempiga kofi. Mimi sikuona huruma wala hasira. Niliona jambo moja tu: dada yangu amenitengea chumba, wifi anajua, hata dereva wa lori anajua, na mume wangu ndiye pekee asiyejua kwamba naondoka. Ningeweza kulimeza. Lakini nimeshasema mimi si wa kumeza.

Nikamshika mashavu ili anitazame vizuri. Nikasema polepole, neno kwa neno. "Kambi ikiisha, naenda kwa dada. Sirudi. Nilikuambia jikoni, ukasema sawa."

Nilifunga mdomo, lakini macho yake yalibaki pale pale kwenye midomo yangu, kama anayengoja niendelee.

"Hapana," akasema.

Miaka yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Alilisema kwa sauti ya kinuni, ile ya kushindana na mashine, na mwenyewe hakujua kwamba anapiga kelele. "Hapana! Hapana, mke wangu! Hapana!" Kinyozi akachungulia na wembe mkononi. Mama wa duka akavaa miwani yake. Mimi nilikuwa nimeshika kaunta kwa mikono miwili, nalia kama mtoto, na sikutaka anyamaze.