Bahati Njema Getini

Kireno alichokijua Thadeo kilikuwa cha bahati tu. Alikipata Nampula, alikokwenda na jeshi kama mpishi, akakiokota kwenye karata: boa sorte, bahati njema, que sorte, una bahati wewe, azar, mkosi. Kiingereza alikipata hapahapa Kimamba, biashara huria ilipoleta soda zenye zawadi chini ya kizibo. Kila kizibo kisicho na baiskeli kilimtakia good luck kwa mara nyingine, na Thadeo alikunywa nyingi.

Elimu hiyo isingemfaa kitu kama shamba la mkonge lisingeuzwa. Mwaka 1998 alikuja mnunuzi, Bwana Teixeira, Mreno. Tulikuwa wafanyakazi mia na sitini, na ilijulikana kwamba wengi wataondolewa. Thadeo, mlinzi wa stoo mwenye watoto sita, alikuwa na hakika kwamba wataanza na yeye.

Meneja wetu, Bwana Urbanus, alijua Kiingereza vizuri sana, na mgeni naye alikijua. Asubuhi ya mkutano koo likamwuma ghafla.

"Thadeo, wewe si una Kireno? Utatafsiri."

"Ninacho, bosi. Ila jina langu lisiwemo kwenye orodha ya wanaoondolewa."

"Tafsiri kwanza."

Mgeni alisema kwa Kireno kwa dakika kumi, uso umemshuka. Thadeo alisikiliza akingoja neno analolijua. Lilikuja mwishoni.

"Anawatakia bahati njema," akatangaza.

"Dakika kumi zote hizo?" aliuliza Bibiana, mama wa chumba cha brashi, nyuzi za mkonge zinakosafishwa.

"Kireno ni kirefu, mama."

Kwetu mgeni akimaliza kusema hupigiwa makofi, hata awe amesema nini. Tukapiga, na akina mama wakaongeza vigelegele. Teixeira alituangalia kwa mshangao, kisha akamshika Thadeo mkono kwa mikono yake miwili. Nadhani hakuwahi kuona watu wanaoshangilia kupunguzwa kazi.

Orodha ilibandikwa mchana. Watu mia na kumi tunaondoka. Jina la Thadeo halikuwemo. Alihamishiwa getini, akapewa kofia mpya na agizo la mgeni mwenyewe: kwa kuwa ameeleza vizuri mkutanoni, amuage kila anayetoka.

Ijumaa tukapanga mstari na mizigo yetu. Bibiana, miaka ishirini na miwili shambani, alibeba ndoo na kuku wawili.

"Shikamoo, mama. Boa sorte. Good luck."

"Marahaba. Hiyo inaliwa na mboga gani?"

Watu wakacheka. "Mwongezee na Kichina!" alipaza sauti mtu wa nyuma.

"Msinicheke, jamani. Mama, mimi niko kazini tu," Thadeo alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Hata mimi nilikuwa kazini."

Thadeo hakuinua macho kutoka kwenye kitabu cha geti. Aliandika: Bibiana, ndoo moja, kuku wawili, ametoka saa nne na nusu. Kisha akamwita anayefuata.