Sweta la Bibi Kokugonza

Ile Krismasi ya mwaka niliomaliza shule ya msingi haijanitoka kichwani, mwanangu. Leo nilivyokuona umejikunja kwenye mkeka na sindano zako mbili, mdomo umeufunga, macho yanakimbilia kalenda ukutani, nimeona bora nikusimulie kabla hujafika mbali. Usiziweke chini. Fuma huku unasikiliza, nami nitajitahidi nisiinuke-inuke, ingawa unanijua.

Sista mmoja wa parokia ndiye aliyetufundisha kufuma, sisi wasichana wa kijiji chetu cha Kishanda tuliokosa nafasi ya sekondari. Wenzangu walifuma vitambaa vya makochi. Mimi nikaona hiyo ni kazi ndogo. Nikatangaza kwamba Krismasi hiyo kila atakayerudi nyumbani atavaa kitu cha mkono wangu. Kaka yangu Deus alikuwa anakuja kutoka Mwanza na mkewe Jovina, na Jovina alikuwa na duka la sare za shule, ana mashine ya kufumia masweta. Nilitaka aione kazi yangu aniambie, wifi, twende zetu. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Nyuzi Tata, baba yangu, aliniletea kutoka Bukoba mjini. Zilikuja kwa mafungu, si madonge yaliyokwisha kukunjwa kama haya yenu, kwa hiyo lazima mtu akushikie fungu kwenye mikono yake miwili wakati wewe unakunja donge. Mtu huyo alikuwa mama yake Tata, Bibi Kokugonza. Alikuwa anaacha ungo wa senene, wale panzi tunaowala, anaowanyonyoa mabawa, anajifuta mikono kwenye kanga, anakaa mbele yangu. Goti kwa goti, kila alasiri, wiki saba. Mikono yake ilitetemeka, uzi ukakwama, nami nilikuwa mkali. "Bibi, inua! Bibi, usisinzie!" Yeye anajibu, "Ndiyo, waitu," neno letu la heshima, utadhani mimi ndiye mkubwa. Mara nyingine alianza kuniambia kwamba siku hizi chakula hakishuki vizuri, na mimi niko kwenye kishono cha arobaini na mbili. Nikipoteza hesabu, namlaumu yeye.

Siku yenyewe ikafika. Sebule tumeitandika majani mabichi, misa tumetoka, matoke tumekula. Nikaleta kapu langu. Skafu ya Tata aliyenitafutia nyuzi, sweta la Deus, sweta la Jovina lenye vifungo, soksi za mtoto wao, kofia ya rafiki yangu Editha aliyekuja kutusalimia. Jovina aligeuza lake ndani nje, akakagua kila mshono, akasema, "Wifi, tarehe mbili tunaondoka wote." Nilitaka kuruka. Ndipo nikamwona Bibi ametanguliza mikono yake miwili, viganja juu, kama tunavyopokea kitu hapa kwetu. Alikuwa anasubiri zamu yake.

Kapu lilikuwa tupu. Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Hakuwa mgeni, alikuwa mtu wa nyumbani, na akili yangu yote ilikuwa kwa wanaokuja. Badala ya kupiga magoti niombe radhi, mwanangu, nikasema kwa sauti, "Bibi, leo hatukunji uzi." Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, akairudisha mikono ndani ya kanga. Nilijua vizuri alichokuwa anataka. Nilijificha kwenye mzaha.

Tata alinifuata jikoni. Hakupandisha sauti. "Deus hujamwona miaka mitatu, na sweta limemkaa. Mama yangu unamwona kila siku. Imekuwaje ukamkosa?" Akatoka, hakungoja jibu.

Zilibaki siku nane kabla ya safari ya Mwanza. Nilifuma kama mtu anayefukuzwa. Nilifuma nikitembea, nikisubiri maharage yaive, hata kwenye foleni ya bomba. Sikumwita Bibi anishikie uzi, nilitaka kumshtukiza. Niligeuza kigoda juu chini, nikavisha fungu kwenye miguu yake. Tarehe moja nikamvalisha.

Sweta likamwangukia. Mabega yalishuka hadi karibu na viwiko, mikono ikafunika vidole ikapita. Nilikuwa nimemfumia Bibi aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, mwanamke mnene, mwenye nguvu, anayetoka kibanjani na mkungu kichwani. Huyu aliyekuwa mbele yangu alikuwa amebaki mifupa. Wiki saba magoti yetu yanagusana, sikuona.

Alijitazama, akacheka. "Hili ni la yule wa zamani," akasema. "Angelipenda sana." Hakuwa ananisuta, alikuwa anacheka kweli, na hapo ndipo nilipolia.

Asubuhi ya tarehe mbili gari linanguruma uani, Deus ananiita, Jovina anaangalia saa. Mimi nimekaa barazani na Bibi, nafumua lile sweta. Nikawaambia waende. Deus aliniita mjinga, na nusu ya moyo wangu ilikubaliana naye. Miguu ilikuwa inataka kulikimbilia lile gari. Lilipopotea barabarani nikachana kamba ya mgomba, nikampima Bibi begani, kifuani, mkononi, nikifunga fundo kila kipimo. Huku nampima nikamuuliza kwa nini hali chakula. Akaniambia kwa upole kwamba alishanieleza mara nyingi.

Wiki hiyo hiyo Tata alimpeleka hospitali, ikaonekana ni vidonda vya tumbo. Alipata dawa, akaanza kula kidogo kidogo. Sweta nililifuma polepole, yeye ameshika uzi, ananisimulia yake yote, hadi Kwaresima. Na kabla sijalimaliza ilibidi nifumue tena ubavuni niliongeze upana, maana alikuwa ananenepa. Sijawahi kufumua kazi kwa furaha namna ile. Nafasi ya Mwanza alipewa msichana mwingine. Iliniuma, sikudanganyi, na kuna siku inaniuma hata leo.

Sasa wewe, mwanangu, kabla hujaongeza kishono kingine, nenda ukampime mtu kwa mkono wako, na uanze na yule mnayekula naye sahani moja. Wa mbali tunawawaza mpaka tunajua vipimo vyao. Wa karibu tunawapita kila siku hatujui wamekonda lini. Na anayekushikia uzi akifungua mdomo, simamisha sindano umsikilize. Hesabu ikipotea utaianza upya.

Mungu akutulize mikono kuliko alivyonituliza mimi. Akupe macho ya kuwaona walio nyumbani, na Krismasi ikukute nao wote wazima, wanakula na kushiba. Amina.