Kengele ya Milango Miwili

Mama mkwe wangu wa Mchinga husema nimeoa kochi, maana sitoki nyumbani. Basi nikaamua kumziba mdomo kwa kengele ya umeme niliyoiunda mwenyewe: kitufe kimoja barazani kwa wanaume, kingine mlango wa uani kwa wanawake.

Nilichora hata jedwali la ukweli, lile la sifuri na moja tulilosoma sekondari. Tukaijaribu na mke wangu, Mwanahamisi. Nikahesabu hadi tatu, yeye akabonyeza uani, mimi barazani. Ikalia! Tulipoachia, ikanyamaza. Nikampigia simu mama mkwe: "Ukija, hodi za kupaza sauti marufuku. Bonyeza tu."

Juzi mchana nimekaa na kanzu yangu, nangoja sifa. Kengele ikalia.

"Unaisikia kazi ya fundi wako?" nikamwambia Mwanahamisi, nikaenda kufungua. Barazani alisimama baba mkwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yenu yuko wapi? Mie nilipitia msikitini, yeye katangulia zamani."

Tukakimbilia uani. Mama mkwe yuko juani, jasho linamtoka, kidole hakijabanduka kwenye kitufe.

Nikamweleza, bado kifua mbele, kwamba kengele ni nzima kabisa. Nimeiwekea tu geti la NA, yaani kisaketi kinachotaka vitufe vyote viwili pamoja, badala ya la AU, linaloridhika na kimoja. Mistari ya katikati ya jedwali, ile ya kitufe kimoja tu, sikuijaribu.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Na mjane akija kukusalimu, abonyeze na nani?"