Mama Kyalo Aliniuliza Watarukuu Wapi

Mwenye makosa ni mimi. Naanza na hapo ili msihangaike kunitetea, maana najua humu kuna watu wema watakaosema pole, hukujua. Nilijua! Niliambiwa mchana kweupe, kwa Kiswahili chepesi, na mtu aliyenitakia mema, nami nikamjibu ovyo.

Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu tunakula kwa kanzu. Marehemu baba aliniachia kiduka cha kushona kanzu hapa katikati ya jiji, ghorofa ya pili, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Aliniachia pia fundi, mama mmoja wa Kitui, Mkristo wa kwaya, tunayemwita Mama Kyalo. Alikaa kwenye cherehani ile tangu niko shule ya msingi. Kanzu yangu ya kwanza ya Idd aliishona yeye.

Baba alikuwa na desturi moja ambayo mimi, msomi, niliiona ya kizamani. Hakuna mteja aliyetoka na kanzu bila kurukuu kwanza. Mswala ulikuwa pale mlangoni. Unavaa, unainua mikono, unainama, unakaa kama unasoma tahiyatu, na Mama Kyalo anakuzunguka na pini mdomoni akiutazama mgongo wako. Kitambaa kikivuta mahali, mshono unafumuliwa. Wengine waliona haya, wengine walicheka, na mwaka uliofuata walirudi wote.

Mwaka juzi nikaenda Westlands kwenye semina ya ubunifu. Hoteli nzuri, maji ya chupa, biskuti zisizo na ladha. Mwalimu wetu, bwana aliyevaa viatu bila soksi, alitufundisha kwamba mtu yeyote anayetilia shaka wazo lako ni adui wa kesho yako, na dawa yake ni kumkata. Tukapiga makofi. Mimi niliandika maneno hayo kwenye daftari la bure na kuyapigia mstari mara mbili. La kufanya endapo mwenye shaka ana haki hakutuambia. Labda hilo liliwekewa semina yake.

Nilitoka huko na wazo. Mteja apige picha moja akiwa amesimama, aitume kwa simu, programu isome vipimo, sisi tushone, bodaboda apeleke. Hakuna kupanda ngazi, hakuna tepu, hakuna mswala. Sijui kama mnauona ukubwa wa akili hiyo!

Nilimweleza Mama Kyalo asubuhi moja kabla wateja hawajaanza kuingia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu wake ungali kwenye kanyagio la cherehani.

"Sawa, bosi," akasema. "Na hawa watu wa simu, watarukuu wapi?"

Swali moja tu. Mwenye akili angevuta kiti akae. Mimi nilimwona adui wa kesho yangu ameketi mbele yangu na miwani yake. Nikamwambia picha inatosha. Akasema picha ni ya mtu aliyesimama, na hakuna anayenunua kanzu ya kusimama tu. Mgongo hufunguka mtu akiinama, akasema, na kila mgongo hufunguka kivyake. Akaniomba tusianze na Idd, tujaribu kwanza na watu watano tuone. Hapo ndipo nilipotoa neno ambalo hadi leo linanichoma.

"Mama Kyalo, wewe hata huswali. Utanifunza mimi rukuu?"

Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akaikunja ile kanzu na kufunika cherehani. Mwisho wa wiki alikuja kuchukua mkasi wake. Nilimtakia kila la heri kwa sauti ya mtu aliyepona homa.

Ah, raha iliyofuata! Duka kimya, hakuna wa kuniuliza kitu. Nilikodi mafundi waliokuwa wakipokea vipimo na kushona bila neno. Oda za Idd zikaja, na wa kwanza kuagiza alikuwa ustadh wangu wa madrasa, mzee mnene na mpole, aliyetaka kuniunga mkono kwa sababu ya baba. Alitutumia picha amesimama wima, tumbo amelivuta ndani.

Asubuhi ya Idd nilijipanga safu ya nyuma yake, makusudi kabisa, nipate kuiona kazi yangu. Mbele yangu niliwahesabu wateja wangu saba. Takbira ya kwanza, mikono ikapanda, na mikono ya kanzu nayo ikapanda karibu na viwiko. Nikajiambia huo ni mtindo. Mnajua sala ya Idd ina takbira nyingi, kwa hiyo mtindo huo niliuona tena na tena.

Kisha imamu akarukuu.

Nilisikia kabla sijaona. Kraa! Mshono wa mgongo wa ustadh ulifunguka kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kushoto kwake ukafuata mwingine. Mzee aliyenifundisha alifu alikuwa ameinama mbele ya umati na fulana yake ya ndani nje, fulana kuukuu yenye matobo, na hakuwa na la kufanya ila kuendelea na sala. Mwenyezi Mungu anisamehe, sala ile sijui niliimalizaje.

Wakati wa hotuba mtu mmoja alimfunika na shuka. Watu walipoanza kupeana mkono wa Idd nilitaka kupotea, lakini aliniona. Alinishika mkono, akanipa Idd njema, akauliza kwa upole, "Yule mama yuko wapi siku hizi?"

Afadhali angenizaba kofi.

Kanzu zilirudishwa moja moja, ndani ya mifuko, nyingi zikiwa na wajumbe, maana wenyewe hawakutaka kuniona. Kwenye bango la duka kuna jina la baba, si langu. Kwa hiyo vichekesho vilivyosambaa kwenye simu za watu vilikuwa na jina lake. Mtu aliyeinamisha wateja miaka yote ili wasiaibike, mwanawe alimwaibisha asubuhi moja.

Nilichukua miezi kupata ujasiri wa kumtafuta Mama Kyalo. Nilimkuta Hurlingham, chumba cha nyuma ya maduka, cherehani mbili, na simu imesimamishwa juu ya kopo la nyuzi. Alikuwa anatazama video. Ndani yake kulikuwa na mteja nyumbani kwake, amevaa kanzu yake ya zamani, anainua mikono, anainama, anakaa. Mama Kyalo aliisimamisha pale kitambaa kilipovuta, akaandika kwenye karatasi mahali pa kuongeza.

Wazo langu, jamani! Lile lile la simu na bodaboda, isipokuwa swali lake limo ndani. Na pale nyuma ya mlango ilining'inia kanzu pana, na kabla sijauliza nilijua ni ya ustadh wangu.

Nilimwomba msamaha kwa lile neno. Alinimiminia chai. Nikamuuliza hii ya video aliiwaza lini.

"Siku ile ile. Nilikuuliza juu nilikuwa natafuta jibu. Nilidhani tutatafuta pamoja."

Nilimwomba arudi. Alikataa bila hasira, akarudi kwenye video yake, nami nikamaliza chai.

Sasa nina fundi mwingine, baba wa watoto watatu, mpole, mwenye kuogopa kazi isimponyoke. Juzi nilimpa wazo jipya, la kijinga kwa makusudi: tushone kanzu za watoto saizi moja, wakubwa kwa wadogo. Akasema iko sawa kabisa, bosi. Nikamuuliza kama hana swali hata moja. Akasema hana, eti mimi bosi ndiye ninayejua. Niliogopa kuliko siku ya Idd.

Basi nyinyi wenye mawazo makubwa, na semina zenu, na madaftari yenu, mkipata mtu wa kuwauliza "watarukuu wapi," msimwite adui. Mpeni kiti, mtafute naye jibu la lile swali, kwa maana kazi yenyewe iko humo. Mimi mswala wa baba nimeurudisha mlangoni. Kila kanzu ikishonwa navaa mwenyewe, nainama pale, na nyuma yangu hakuna anayetazama mgongo.